Salamu za Shukrani kwa Wote Mliomsindikiza Mama Yetu

Familia inatoa shukrani za dhati kwenu nyote mliokuwa nasi kwa hali na mali katika kumuuguza, kumuaga na kumsitiri mama yetu mpendwa, mwigizaji na profesa wa sanaa za maonyesho, aliyetwaliwa akiwa na umri wa miaka 86 na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji na wazee wa usharika, wahadhiri wenzake, majirani, na kina mama wa mtaani waliokesha jikoni bila kuitwa na mtu. Rambirambi zenu zimetufikia.

Shukrani za pekee ziwaendee wanafunzi wake. Usiku wa mkesha mlivua viatu, mkajifunga khanga viunoni kama alivyowataka mfanye kila mazoezi, mkaigiza pale uani katikati ya maturubai na viti vya kukodi. Mmoja wenu aliposhusha sauti, wenzake wakapaza kutoka nyuma: "Sikusikii!" Ndivyo alivyofundisha. Alikaa kiti cha mwisho kabisa cha ukumbi, na likimpita neno moja tu, mnaanza upya. Wajukuu waliomjua kama bibi wa kahawa na redio, usiku ule walimwona profesa. Mungu awabariki sana.

Mama alipanda jukwaani enzi ambazo binti mwigizaji alihesabiwa mhuni. Sanaa za maonyesho zilipoanza kufundishwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi akiwafundisha watoto ngonjera. Aliacha kazi akaenda kusoma, na wapo ndugu waliomsema kwa hilo. Hata alipopata uprofesa hakuacha kuigiza. Malya, mkoani Mwanza, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wa Chuo Kikuu walitunga michezo pamoja na wanakijiji kuhusu shida zao wenyewe, aliisimulia mpaka mwisho, na nyimbo za kule akituimbia.

Maonyesho mengi ya miaka ile hayakurekodiwa. Mwenye picha, kanda au mswada wowote uliopigwa taipu, tunaomba atuazime tunakili, tutamrudishia. Tarehe ya ibada ya shukrani nyumbani kwa mama tutaitangaza. Karibuni sana.

Watoto, wajukuu na vitukuu