Kwa Nini Daraja la Mtandao la Mashine Pepe Halilipiwi kwa Idadi ya Amri

Lalamiko hili hutufikia mara kwa mara, na safari hii limetoka kwa mteja anayeamini kwamba tumemlangua. Aliketi kando ya fundi wetu, akahesabu amri zilizoandikwa kwenye terminali ili kuunda daraja la mtandao katika seva yake ya Linux, akaona hazifiki kumi, kisha akaisoma ankara huku hesabu hiyo ikiwa bado kichwani mwake. Uchungu wake tunauelewa, lakini ankara hatutaipunguza, na tunaona ni haki kwake na kwa wateja wengine tueleze waziwazi ni kitu gani hasa kinacholipiwa.

Mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva, ikiundwa kwa KVM na libvirt (zana za Linux za kazi hiyo) kwa kawaida huunganishwa na mtandao wa ndani uitwao virbr0, ambao hugawa anwani za 192.168.122.0/24 na kuzificha zote nyuma ya anwani moja ya seva mwenyeji kwa njia ya NAT. Mashine hiyo itafika intaneti bila tatizo na itapakua masasisho yake, na mwenye nayo ataridhika mpaka siku kompyuta nyingine ya ofisini itakapotaka kuifikia, kwa sababu kutoka nje haionekani. Daraja hufanya kazi tofauti. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, huundwa swichi ya programu, ambayo kwa mazoea huitwa br0. Kadi halisi ya mtandao hugeuka kuwa poti mojawapo ya swichi hiyo, mashine pepe huchukua poti nyingine, na kila moja hupata anwani kutoka kwa ruta ileile inayozihudumia kompyuta zote za ofisi.

Amri zenyewe si siri: unaandika ip link add name br0 type bridge, kisha ip link set eno1 master br0 (eno1 ni kadi ya mtandao), na nyingine chache za kuhamisha anwani. Mteja huzisoma mahali, huzinakili, na kuziendesha kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, akiwa nyumbani, naye anakuwa amekata tawi alilokalia. Mara tu amri ile ya pili inapotekelezwa, kila fremu (kifurushi cha data) inayoingia kupitia eno1 hukabidhiwa daraja, ilhali anwani ya IP bado imebaki kwenye eno1 ambayo haiwezi tena kuijibia. Mawasiliano hukatika kabla hajaandika amri ya tatu, na seva hubaki imewaka, nzima, bila mtu yeyote kuweza kuifikia. Tumewahi kuitwa usiku kwa ajili ya seva ya namna hiyo iliyokuwa ndani ya chumba ambacho mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Gharama ya safari hiyo, pamoja na kazi ya ofisi iliyosimama, ilizidi ankara ambayo mteja alikuwa amekataa kuilipa mwanzoni.

Wengine hutuambia kwamba Netplan, programu ya kupanga mtandao katika Ubuntu, ina amri ya netplan try, ambayo hurudisha mpangilio wa zamani yenyewe iwapo mtu hatathibitisha ndani ya sekunde 120. Ni kweli, nasi tunaipenda, lakini faili ikiwa na vigezo maalumu vya daraja, kama vile kuwasha au kuzima STP (kinga dhidi ya mizunguko ya mtandao), amri hiyo hukataa kwa kuwa haiwezi kuvirudisha nyuma, na humwelekeza mtu atumie netplan apply moja kwa moja. Ndiyo maana tunadai ama kufika ilipo seva, ama kupewa konsoli yake ya mbali (skrini na kibodi zinazofikika hata mtandao wa seva ukikatika), na hata tukiwa na konsoli hiyo tunapanga kwanza kazi ya muda maalumu itakayorudisha faili la zamani mambo yakiharibika. Maandalizi hayo mteja hayaoni, kwa sababu hufanyika kabla ya amri ya kwanza kuandikwa.

Kuna na suala la anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), ambalo limetuletea lawama nyingi zisizotuhusu. Daraja likiachwa kwa desturi ya kerneli huchukua anwani ndogo kuliko zote miongoni mwa poti zake, lakini tangu toleo la 242 systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, hulipa daraja anwani yake lenyewe, isiyolingana na ya kadi. Ruta iliyokuwa imetengewa kazi ya kuipa seva IP ileile kila siku kwa kutazama MAC ya kadi sasa huona kifaa kigeni, nayo hutoa IP nyingine. Asubuhi programu ya uhasibu haipatikani, na kila mtu anaamini seva imeharibika. Sisi huiandika MAC ya kadi kwenye mpangilio wa br0 kwa mkono, tukaiwasha seva upya mteja akiwepo, tukahakikisha anwani haikubadilika. Kuwasha upya ndiko kipimo. Daraja linalofanya kazi tangu lilipoundwa lakini halijapita kwenye kuwashwa upya hatulikabidhi kwa mtu.

Njia ya mkato inayotuudhi kuliko zote, hata hivyo, ni macvtap, inayoishikiza mashine pepe kwenye kadi ya mtandao bila daraja. Katika virt-manager, programu ya kusimamia mashine pepe, mtu huichagua kwenye menyu, hagusi mpangilio wa seva, na mashine yake inaonekana mara moja kwenye mtandao wa ofisi ikiwa na IP yake. Anajiuliza tulikuwa tukimtoza nini. Kasoro yake ni kwamba mashine pepe na seva mwenyeji haziwezi kuzungumza kupitia kadi hiyo, kwa kuwa fremu zinazotoka kwa mashine pepe hupelekwa moja kwa moja kwenye waya, na swichi ya kawaida haizirudishi kwenye poti zilikotoka. Mteja mmoja alikuwa akihifadhi nakala rudufu za mashine yake kila usiku kwenye diski za seva mwenyeji kwa NFS (njia ya kushiriki faili mtandaoni). Baada ya kuhamia macvtap nakala zikakoma. Akabadilisha kebo, akabadilisha swichi, akamlaumu aliyemuuzia diski, na sisi tukaitwa wa mwisho. Tulipomwambia kwamba kompyuta nyingine zote za ofisi zingeifikia mashine ile isipokuwa seva inayoibeba, alidhani tunamtania mpaka alipojaribu mwenyewe.

Kuhusu Wi-Fi jibu letu ni fupi: hatuungi daraja juu ya Wi-Fi. Fremu ya kawaida kutoka kwa kifaa kwenda kwa kituo cha Wi-Fi ina nafasi za anwani tatu tu, na hakuna pa kuiandika MAC ya mashine iliyo nyuma ya kifaa hicho. Kituo nacho hukataa fremu za MAC ambayo haijajiunga nacho. Ipo namna ya anwani nne, lakini ni lazima pande zote mbili ziikubali, na vituo vingi vya ofisini havikuwekwa hivyo. Mteja tuliyemkatalia alikwenda kwa fundi mwingine aliyemhakikishia kwamba inawezekana, akamtengenezea NAT ya kawaida na kuupa mtandao huo jina la br0. Jina lilikuwa sahihi kabisa.

Kwa seva za kukodi kwenye vituo vya data hali ni nyingine tena. Watoa huduma wengi huruhusu kwenye poti ya mteja MAC ile tu waliyoisajili, na mashine za QEMU (programu inayoziendesha mashine pepe pamoja na KVM) hutokea na anwani zinazoanza na 52:54:00 ambazo wao hawazijui. Hapo daraja likiwashwa, fremu hutupwa, au mteja hupokea onyo na poti yake hufungwa. Mahali kama hapo tunaomba MAC ya ziada kwa mtoa huduma, au tunaacha daraja na kupitisha anwani kwa uelekezaji wa kawaida. Yupo aliyelalamika kwamba aliagiza daraja akapewa kitu kingine. Alipewa kilichofanya kazi.

Dhamana yetu inahusu kazi tuliyoikabidhi jinsi tulivyoikabidhi, na hapa Docker, programu ya kuendesha programu nyingine katika makontena, hutugombanisha na watu. Mteja huisakinisha kwenye seva ileile baada ya sisi kuondoka. Docker hugeuza sera ya FORWARD (ya pakiti zinazopitishwa) ya iptables, ngome ya mtandao ya Linux, kuwa DROP, yaani kuzitupa, na moduli ya br_netfilter ikiwa imepakiwa, pakiti zinazopita ndani ya daraja nazo hukaguliwa kwa kanuni hizo. Dalili yake hutatanisha, kwani ARP (ulizo la MAC ya kifaa) hupita na mashine pepe huijua MAC ya ruta vizuri, ilhali ping (jaribio la kufikika) haijibiwi. Simu tunayopigiwa husema kwamba daraja letu limevunjika. Tunalirekebisha kwa kuongeza kanuni kwenye orodha ya iptables iitwayo DOCKER-USER ili trafiki ya br0 ipite, na tunalitoza kama kazi mpya, kwa sababu ni kazi mpya. Atakayetuambia mapema kwamba atahitaji Docker, tunaliweka jambo hilo ndani ya kazi ya kwanza bila nyongeza.

Vivyo hivyo kwa wanaonakili mashine moja wapate nne. Kubadilisha MAC pekee hakutoshi, kwa kuwa Ubuntu na mifumo mingine inayotumia systemd-networkd hujitambulisha kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) kwa kitambulisho kinachotokana na faili la /etc/machine-id, na mashine zenye faili moja hupewa IP moja zikanyang'anyana. Faili hilo lifutwe yaliyomo kabla ya kunakili, lijizalishe upya mashine inapowaka.

Anayetaka bei atuandikie seva iko wapi na nani ana ufunguo wa chumba, ina kadi ngapi za mtandao, kama kuna konsoli ya mbali, anwani zinagawiwa na ruta au zimeandikwa kwa mkono, na ni programu gani nyingine zinazoendeshwa humo au zinazotarajiwa. Tukiyapata hayo tunatoa bei moja isiyobadilika. Tusipoyapata tunatoza kwa saa, na saa ya kwanza huishia kwenye kuyatafuta.