Zimeni injini, kiboko ana mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye boti za kutembeza wageni, kuanzia Dunga hadi Mbita, huku kwetu Ziwa Victoria, pamoja na kamati za BMU (Beach Management Units) zinazosimamia fuo zetu.

Aprili iliyopita niliwapeleka shemeji zangu kutoka Nakuru wakaone Mfangano, kisiwa nilichozaliwa. Tulikodi boti ya injini pale Mbita. Tulipokaribia Takawiri, nahodha alimwona kiboko jike na mtoto wake kandokando ya mafunjo. Akageuza boti, akaielekeza pale pale, simu zikatolewa mifukoni. Mama akazama.

Aliyekulia ziwani anajua kwamba kiboko akizama hujui ataibukia wapi. Anaweza kukaa chini dakika tano, akitembea kwa miguu yake chini kabisa. Nilimsihi kijana wa injini arudi nyuma. Akanijibu kwamba wageni wamelipa. Mama yule aliibuka ubavuni mwa boti, mdomo wazi, karibu kiasi cha kuturushia maji usoni, nasi tukiwa tumemtenga na mtoto wake. Ndani ya boti tulikuwa watu 12, wanne wakiwa watoto. Majaketi ya kuokolea yalikuwa saba, yamefungwa kwa kamba chini ya kiti.

Alituacha tu. Sijui neno jingine la kulieleza jambo lile.

Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, na mchana hurudi majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Ukimkuta kwenye maji mafupi kisha boti yako ikasimama kati yake na kina, umemzibia njia ya kwenda nyumbani. Akiwa na mtoto, hatangoja uondoke. Halafu tunasikia kiboko amepindua boti, watu wanataka apigwe risasi.

Safari ya kurudi nilikataa kupanda boti ile. Mvuvi mmoja mzee, rafiki wa marehemu baba, alikuwa anakwenda Mbita kwa mashua yake ya tanga, tanga lenyewe limeshonwa kwa magunia. Watoto wakang'ang'ania twende naye. Aliwavalisha majaketi kwanza, akatungojesha hadi alasiri. Nyinyi wa pwani ya ziwa mnajua kwa nini: asubuhi upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na jua likishachoma hugeuka, ukatoka ziwani kuja bara. Ukitoka Mfangano saa tisa upepo unakusukuma mgongoni mpaka Mbita.

Bila mlio wa injini, ziwa lilikuwa jingine kabisa. Tulisikia furukombe akiita kutoka juu ya mti kisiwani kabla hatujamwona. Mbali kule nguzo nyeusi zilipanda angani kama moshi wa tanuri. Watoto wakadhani kuna moto, kumbe ni vile vijidudu vya ziwani vinavyotoka majini kwa mamilioni. Kisha, karibu na miamba, mzee akalegeza tanga na kuweka kidole mdomoni. Fisi maji watatu walikuwa wakiwinda. Mmoja alitoa kichwa, samaki mdogo aina ya fulu mdomoni, na tukayaona mabaka meupe ya kooni mwake. Alitutazama, akaendelea kula. Mtoto wa shemeji, mwenye miaka saba, hakupumua.

Wavuvi wengi hawampendi fisi maji kwa sababu huchana nyavu, nami naelewa, maana wavu ni karo ya shule. Lakini mnyama huyu huwinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji maji maangavu, na huku kwetu kwenye ghuba tope la mito na magugu maji vimezidi. Miamba ya visiwani ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mimi bado humwona. Boti ikipita kwa kasi hapo, anatoweka na samaki wake, na mgeni aliyetoka Nakuru kwa gari usiku kucha anaambulia mawimbi.

Hata kisiwa cha Ndere, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986, safari zote nilizokwenda sikuwahi kumwona mtu akimwambia nahodha apunguze mwendo majini.

Ombi langu ni hili. Kila BMU ikubaliane na manahodha wake kwamba wakimwona kiboko wasimame mbali, tuseme mita 100, na kamwe wasiingie kati yake na kina au kati yake na mtoto. Karibu na miamba ya fisi maji, injini izimwe. Boti isiondoke ufuoni kabla kila abiria hajavaa jaketi. Na wazee wenye matanga wapewe nafasi kwenye bei zinazobandikwa pale gatini, kwa sababu sasa hivi mgeni hajui hata kwamba wapo. Yule mzee hakutaka hela yangu. Nililazimika kumwachia mkewe.

Krismasi boti zitajaa tena, na mtoto wa yule kiboko atakuwa bado ananyonya.

Mzaliwa wa Mfangano,
Kisumu.