Anayewasha mnara atulipie vichujio

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenye madishi makubwa.

Juzi niliitwa Tandika kwenye banda umiza. Mpira ukifika golini tu, picha inaganda, na wateja wanadai hela zao. Nikabadilisha LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, nikabadilisha waya, nikalizungusha dishi mpaka mwenye banda akaanza kunitilia shaka. Kumbe mtaa wa pili kulikuwa kumesimikwa mnara wa 5G. Nilipofunga mbele ya LNB kichujio cha masafa, kinachozuia mawimbi ya mnara yasiingie, picha ikatulia.

Mnara haukuvunja sheria. Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizipigia mnada kampuni za simu masafa kadhaa, yakiwemo ya megahezi 3,500 yanayotumika kwa 5G. Setelaiti za madishi makubwa zinashusha mawimbi jirani na hapo, mengi kuanzia 3,700. Ila LNB nyingi ziko wazi tangu 3,400 hadi 4,200, zinameza kila kinachopita. Mawimbi ya setelaiti yanasafiri karibu kilomita 36,000. Yakitufikia ni mnong'ono. Mnara wa mtaa wa pili ni spika ya kigodoro.

Kuna wanaosema tuhamie madishi madogo. Hao hawajawahi kutazama mechi siku ya masika! Wingu likinenepa dishi dogo linakata. La futi 8 wala halishtuki.

Marekani nao walifika hapa. Mwaka 2018 waliwafungulia dirisha wenye madishi ya kupokea wajiandikishe. Mnada wa masafa ulipokuja, ukaingiza zaidi ya dola bilioni 80, na kampuni za simu zilizoshinda ndizo zilizobebeshwa gharama za vichujio na za kuhamisha mitambo ya waliojiandikisha.

Sisi hatuhitaji mabilioni. TCRA isajili bure madishi ya kupokea tu, liwe la msikiti, la kanisa au la banda. Mnara ukikaribia kuwashwa, taarifa ipelekwe serikali ya mtaa. Mjumbe atajua nani ana dishi, maana hakuna asichokijua. Na kichujio alipe aliyekuja nyuma.

Kile cha Tandika tumelipa nusu kwa nusu, mimi na mwenye banda, na mpaka leo anaamini LNB niliyomfungia mwanzo ndiyo ilikuwa feki.

Fundi madishi,
Mbagala, Dar es Salaam