Mmbone, hiyo taa ya breki usiizoee

Kondele, Kisumu

Mpendwa Mmbone,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Ujumbe wako niliusoma duka likiwa limejaa wateja, ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Sasa nimefunga, acha nikuandikie vizuri.

Umesema taa nyekundu ya breki inawaka ukianza kuteremka Riat kutoka Kiboswa na ndizi zako, halafu ukifika Mamboleo kwenye tambarare inazima. Hendibreki umehakikisha imeshuka. Fundi wa hapo Chavakali akasema ni waya umelegea, akaongeza mafuta ya breki, taa ikazima, akalipwa. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Tangu lini waya uliolegea ukapona kwa mafuta?

Fungua boneti utazame kile kichupa cha mafuta ya breki. Ndani yake kuna boya dogo. Mafuta yakipungua, boya linashuka na kuwasha taa. Yakiwa yamepungua kiasi tu, kwenye tambarare bado linaelea vizuri, lakini gari likiinama mlimani mafuta yanakimbilia upande mmoja na boya linakosa pa kuelea. Taa yako haikuwa na wazimu, ilikuwa inakwambia mafuta yako mpakani.

Sasa yalikwenda wapi? Breki hazichomi mafuta. Mara nyingi ni pedi za mbele, vile vibao vinavyobana diski, zimelika: kadiri zinavyokwisha, pistoni zinazozisukuma zinasogea nje zaidi, na mafuta ya kichupa yanashuka kujaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Hakuna kilichovuja. Ukiongeza tu, umeizima taa ambayo ingekukumbusha pedi, nazo zinaendelea kulika mpaka chuma kikutane na diski. Halafu siku ya kuweka pedi mpya, fundi akizirudisha pistoni ndani, mafuta ya ziada yanafurika juu na kubabua rangi ya gari. Kwa hiyo pedi zitazamwe kwanza, chupa baadaye.

Kama pedi bado ni nene, basi kuna mahali panavuja. Probox lako lina diski mbele na dramu nyuma, na huko nyuma ndiko ningeanza. Inama utazame upande wa ndani wa tairi za nyuma, uone kama kuna unyevu unaoshuka kwenye ringi. Mwambie fundi afungue dramu. Laini, yaani vile vibao vinavyosugua dramu kwa ndani, zikiwa zimelowa mafuta, hazifai tena hata ukizipangusa. Kisha fanya hivi mwenyewe: gari limesimama, injini inanguruma, kanyaga breki na uishikilie kwa nguvu ileile. Ikizama polepole kuelekea chini, usilisogeze gari hilo hata kulipeleka gereji. Fundi aje nyumbani. Huenda masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga, imechoka ndani, na hiyo unaweza kuitazama kwa nje siku nzima usione tone.

Mimi mafuta haya nayauza, faida yangu iko humo. Lakini mteja anayerudi kila mara kwa chupa nyingine huwa namuuliza anayapeleka wapi. Wengine hununa wakaenda duka la pili. Sawa tu.

Ile taa ya manjano yenye herufi ABS, yaani mfumo unaozuia tairi kujifunga, ni habari tofauti. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado unazo, ila ukikanyaga ghafla kwenye matope tairi zinaweza kujifunga na gari likateleza. Kwa udongo wenu mwekundu wa Maragoli wakati wa mvua, ningeanza na sensa za magurudumuni na waya zake. Toyota nyingi za umri wa hilo lako zina namna ya kuunganisha matundu mawili ya plagi iliyo chini ya dashibodi, taa ikaanza kupepesa namba: 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Usikubali kuuziwa kompyuta nzima ya ABS kabla fundi hajakutajia namba.

Ila zikiwaka zote mbili pamoja, nyekundu na manjano, simama. Hapo mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umelala, na tairi za nyuma zikajifunga kabla ya za mbele. Gari linageuka ubavu barabarani kabla hujajua.

Kuhusu aina ya mafuta ya breki, soma kifuniko cha kichupa. Gari nyingi kama hizi zinataka daraja la DOT 3. Chupa iwe haijafunguliwa, maana mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishaingia maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Ukiyachemsha Riat kwa kukanyaga breki tangu juu hadi chini, mguu unakwenda hadi sakafuni bila kitu. Kila miaka miwili yamwagwe yote, na mteremko ushuke kwa gia ndogo. Mtu asije akakuwekea mafuta ya steringi kwa sababu ya breki yamekwisha dukani. Yanavimbisha raba zote, na hapo utanunua karibu kila kitu kipya.

Na ile balbu ambayo fundi alitaka kuitoa «isikusumbue», mwambie aiache ilipo.

Jumapili hii ndizi za Kibuye zipakie kwenye matatu, nitamtuma kijana akupokee stendi. Gari lilete Jumatano likishatazamwa pedi na lile zoezi la kukanyaga. Pedi za Probox ninazo, nitakuwekea kando. Usilipe chochote mpaka uje, tutapatana bei hapa.

Wako,
Achieng'