Kabla ya kung'oa jino, tuulize uozo umefika wapi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kauli ninayoisikia kazini karibu kila siku: "Jino likishaoza, dawa yake ni koleo." Mimi ni tabibu wa meno, na inaniuma kila mgonjwa anapofika ameshajikatia tamaa juu ya jino ambalo bado linatibika.

Kuoza hakuanzi na tundu. Bakteria walio kwenye utando unaoganda juu ya jino hula sukari na kutoa asidi. Mdomo ukifika pH 5.5 hivi au chini yake (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi), madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Mate yakishaituliza asidi, madini hurudi. Vuta nikuvute hiyo iko vinywani mwetu sote kutwa nzima. Yanayotoka yakizidi yanayorudi, hujitokeza doa jeupe lililofifia kama chaki, mara nyingi karibu na ufizi. Hapo jino limeshaanza kuoza, lakini ukuta wake bado umesimama, na doa hilo linaweza kupona bila kuchimbwa.

Floraidi ndiyo inayolisaidia. Ikiwapo kwenye mate, hata kidogo tu, huharakisha kurudi kwa madini, na fuwele zinazojengeka upya huwa ngumu kuyeyuka kuliko za mwanzo. Dawa ya meno yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kwa mswaki wa mara mbili kwa siku, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila mtu ateme povu tu asisukutue kwa maji mengi. Kliniki tunapaka vanishi ya sodiamu floraidi ya asilimia 5, mara mbili au zaidi kwa mwaka. Ni kazi ya dakika chache, haina sindano. Doa lililopona huwa gumu na lenye kung'aa, ingawa rangi yake huenda isirudi kama zamani.

Lakini wanaowaahidi watu kwamba tundu litajifunga lenyewe wanawapotosha. Ukuta ukishabomoka, floraidi haiujengi. Hapo inahitajika saruji ya meno, hasa ile ya glasi ionoma iliyobuniwa London na wanasayansi Wilson na Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hushikana yenyewe na kalsiamu ya jino, kisha huachia floraidi kidogo kidogo.

Hapa ndipo ningependa wenzangu wa fani wanisikilize. Tulizoea kukwangua dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli, yote iliyolainika mpaka tukute ngumu, na mara nyingine tukatoboa kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, kwa bidii hiyo hiyo. Hakuna haja. Kingo za tundu zikisafishwa na kuzibwa barabara, bakteria waliobaki chini hukosa sukari, na dentini laini iliyo karibu na kiini inaweza kupata madini na kukakamaa tena. Njia ya kufanya haya kwa vifaa vya mkono, bila mashine, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika katika nchi nyingi. Ni kweli saruji hii huchakaa upesi kwenye tundu kubwa la gego linalotafuna, kwa hiyo mgonjwa lazima arudi kuangaliwa.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia kitini, ipo silva daimini floraidi ya asilimia 38, ambayo husimamisha uozo kwa kupakwa tu. Hubakiza weusi usiofutika mahali palipooza, na mzazi aambiwe hilo kabla, si baada. Tangu mwaka 2021 dawa hii, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na saruji ya glasi ionoma, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Jino linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha, limepita hatua hii. Linahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa kweli. Mengine yote, mgonjwa ana haki ya kushika kioo, kuonyeshwa jino lake na kuuliza: ukuta umebomoka? Kiini kimefikiwa? Nasi tumjibu kabla hatujagusa koleo.

Wako,
Tabibu wa meno