Korosho za bibi wa Newala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe shukrani. Kazi yangu hapa Mtwara ni usalama wa mitandao, ingawa wengi ofisini hunijua kama binti wa kuitwa printa ikigoma. Msimu uliopita wa korosho, bibi mmoja wa Newala alipokea ujumbe wa matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nilimzuia asitume, tukauripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040. Dakika tano tu, nikasahau.

Juzi kapanda basi hadi ofisini na korosho alizobangua mwenyewe, akawaambia wakubwa zangu: "Huyu ndiye askari wangu." Cheti sijawahi kupewa. Machozi yalinitoka mbele ya wanaume wote wale, wala sikujificha. Asante, bibi.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara