Rangi ya nje wakati wa kipupwe: ukuta wa kusini una saa zake

Huku kwetu Mtwara na Lindi pesa ya korosho huanza kuingia Oktoba, na wengi ndipo wanapoita fundi rangi. Shida ni kwamba Desemba mvua nazo zimeshabisha hodi. Kama unaweza kujipanga, paka kati ya Juni na Septemba. Mvua ni haba na jua halina ukali wa kukausha rangi kabla rola haijarudi.

Kipupwe nacho kina lake: umande. Rangi nyingi za maji zinataka joto lisilopungua nyuzi 10, na Mtwara mjini, Mikindani au Lindi hatufiki huko hata Julai. Ukiwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ongeza subira kwa sababu ya ukungu wa asubuhi. Baridi ya kwetu haiharibu rangi. Maji yanayotua ukutani usiku ndiyo yanayoiharibu.

Rangi ya maji inaweza kuwa kavu kwa kidole ndani ya saa moja, lakini ndani bado haijashikana. Umande ukiikuta hivyo, asubuhi utaona michirizi inayonata na kung'aa kama njia ya konokono, hasa kwenye rangi zilizokolea kama maruni na kahawia. Ni viungo vya sabuni vilivyomo kwenye rangi, vimetolewa na maji. Vioshe mapema kwa maji safi na sponji laini, bila kusugua. Ukiziacha wiki kadhaa, alama hizo ni ngumu kutoka.

Kwa hiyo sisi mafundi tunaanza saa 3 au 4 asubuhi, ukuta ukishakauka, na rola inawekwa chini saa 9 alasiri. Ukuta wa mashariki ndio unaotangulia. Wa kusini ni mgumu kuliko zote: Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, hivyo ukuta huo hukaa kivulini kutwa, na upepo wa kusi unaupiga na unyevu wa bahari. Huo tunaupaka kati ya saa 5 na saa 8 mchana tu, na koti la pili linasubiri kesho yake hata kama kopo limeandika usubiri muda wa saa 4 tu.

Lipu mpya isipakwe kabla ya wiki 4. Kipupwe hiki, ngoja 6. Ili ujue kama imekauka, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba pande zote kwa utepe wa gundi (masking tape), uiache hadi kesho. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado una maji na rangi itavimba malengelenge.

Unga mweupe unaotoka chini ya ukuta ni chumvi, mara nyingi kutoka kwenye mchanga wa pwani uliopigiwa lipu au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Usiuoshe, maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Piga brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, fagia unga wote, subiri wiki, rudia mpaka usirudi. Ikiwa unarudi kila mara, tafuta kwanza maji yanakotoka; hakuna rangi itakayouzuia. Vumbi la chumvi ya upepo, kwa nyumba za Shangani ya Mtwara na ufukweni, ndilo linalooshwa, tena kwa maji ya bomba. Maji ya kisima cha chumvi yanaongeza tatizo.

Fangasi nyeusi: jiki sehemu 1, maji sehemu 3, dakika 20, kisha suuza sana. Usichanganye na dawa nyingine ya usafi.

Kuhusu vipimo, nyumba yenye mzunguko wa mita 40 na ukuta wa mita 3 ni mita za mraba 120. Toa milango na madirisha, chukulia 100. Lita 1 inafunika kama mita 8 za mraba kwenye lipu laini. Makoti mawili ni lita 25: nunua ndoo ya lita 20 na galoni 2 za lita 4, kidogo itabaki. Andakoti, yaani rangi ya chini inayotangulia makoti hayo, ni galoni 4. Lipu ya mikwaruzo hunywa zaidi, pengine mara moja na nusu.

Maji kwenye ndoo ya lita 20 yasizidi lita 2, na ni kwa koti la kwanza tu. Simama karibu wakati fundi anachanganya. Rangi iliyozidishwa maji inapendeza siku ya kukabidhiwa, kisha msimu wa kwanza wa mvua inaanza kuacha unga mkononi ukiipapasa.

Ukituita, tunakuja jioni kubandika nailoni kwenye ukuta wa kusini na kuirudia kesho yake asubuhi, kabla hatujakupa bei.